Waya Niliouvuta Hadi Mlangoni

Alhamisi, jioni.

Asubuhi ilinyesha. Mawingu yalishuka kutoka Uluguru hadi yakafunika vilima vya Bigwa, tukafanya kazi ndani ya ukungu huku nguo zimetuganda mwilini. Saa nne jua likatoka ghafla na kuchoma. Sasa linaelekea kuzama, na shamba lote linanuka mvuke na mkonge uliooza.

Nimeosha mikono mara tatu na bado inanuka lami. Ugali wangu uko palepale nilipouweka.

Leo nimefanya kazi nzuri. Naliandika hilo kwanza kwa sababu ni kweli, na kwa sababu ndilo linalonitesa.

Mimi ni fundi wa waya katika shamba la Mjerumani mmoja, chini ya milima, mwendo wa saa moja na kidogo kutoka mjini Morogoro. Wafanyakazi tunamwita Bwana Nyundo, kwa kuwa hawezi kupita karibu na kitu cha chuma bila kukigonga asikie kinalia vipi. Anapenda mashine kuliko watu, lakini si mtu wa hasira. Laiti angekuwa mtu wa hasira. Habari hii ingekuwa rahisi kuiandika.

Mwaka juzi alinunua motakaa. Ilikuja kwa gari moshi kutoka Dar es Salaam, imefungwa kamba kama ng'ombe. Akaijengea banda la mawe, na banda akalitia mlango wa chuma mzito ambao haufunguki kwa bawaba kama milango mingine, bali hupanda juu kwenye reli mbili, ukivutwa na mnyororo. Chui hatausukuma, alisema, na mwizi hataupasua. Ilikuwa kweli. Ila hata yeye mwenyewe hakuweza kuuinua. Ikabidi aweke gurudumu la meno ukutani, lenye mkono wa chuma, na atafute mtu wa kuuzungusha.

Mtu huyo alikuwa mjomba wangu.

Mjomba Mloka ni kaka yake mama, tumbo moja. Mama alifariki nikiwa bado nina meno ya utoto, na kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, basi Mjomba akanichukua kwake kijijini Kinole. Wakanilea yeye na mkewe, Bi Mwanaidi, ambao hawakujaliwa mtoto wao. Nilipokua akanipeleka shule ya serikali kwa miguu yake mwenyewe, wakati wazee wa ukoo walikuwa wakisema shule ya Wajerumani inafundisha watoto kuwahesabu wazazi wao ili watozwe kodi. Reli ilipofika Morogoro akaenda kubeba mataruma, vyuma wanavyolalishia reli, na kimoja kikamwangukia goti la kulia. Goti lile halikunji tena. Anatembea kwa kuuzungusha mguu wote kutoka nyongani, kama anafagia njia kwa unyayo.

Lakini mikono yake ni mikono ya watu wawili.

Mizunguko arobaini kuufungua mlango, mizunguko arobaini kuufunga. Alikuwa akihesabu kwa sauti ya chini, kwa Kiluguru, na hakuna siku aliyouachia ukaanguka kwa kishindo. Kwa kazi hiyo alipewa chumba kilichopakana na banda, na nyuma ya chumba Bi Mwanaidi akalima mchicha na bamia. Zaidi ya yote alipewa kipande. Kipande ni karatasi ya kazi. Kila siku unayofanya kazi Bwana anatia alama. Kikijaa unapewa kingine. Mwenye kipande hai, askari wa akida hamgusi. Asiye nacho anachukuliwa barabarani kuvunja mawe, na hakuna anayemuuliza kuhusu goti lake.

Mwaka huu, kabla ya masika, Bwana Nyundo aliletewa sanduku kutoka Ulaya. Ndani mlikuwa na mota ya umeme ya kuvuta mnyororo badala ya mkono. Tukaifunga, tukaiunganisha na betri. Siku ya kwanza ilivuta. Siku ya nne betri ikachoka na mlango ukasimama nusu, na Mjomba akarudi kuuzungusha. Ikawa ndiyo desturi: betri siku tatu, Mjomba siku nne. Sote tulizoea isipokuwa Bwana Nyundo.

Siku moja alileta wageni kutoka bomani awaonyeshe mlango wake. Ulipanda hadi kiunoni, ukanguruma, ukanyamaza. Mgeni mmoja akainama akapita chini yake kama mtu anayeingia zizini, wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega. Kesho yake nikaitwa.

Akanionyesha karatasi aliyoichora. Kijito kinachopita juu ya shamba kina gurudumu la maji, na gurudumu linazungusha dainamo inayowasha taa za nyumba yake. Alitaka nivute waya kutoka nyumba ya dainamo hadi bandani, juu ya nguzo, ili mota iwe na umeme wake wa kudumu, mchana na usiku, mvua na jua. Betri zitupwe.

"Utafanya peke yako," akasema. "Mimi nitaangalia tu."

Lazima niseme ukweli hapa, maana hakuna mahali pengine pa kuusema. Nilifurahi. Nilitoka pale natembea kama sikanyagi chini. Miaka yote nimekuwa mtu wa kushika ngazi na kupokea koleo. Nilikuwa sijawahi kupewa kazi nzima, kutoka shimo la kwanza hadi kifundo cha mwisho. Siku mbili nilipima hatua, nikachagua miti, nikahesabu vikombe vya kauri vya kushikia waya, na katika siku hizo mbili sikumfikiria Mjomba hata mara moja.

Hata mara moja.

Aliyeniamsha ni Hamza, nyapara wetu. Alinikuta nachimba shimo la nguzo ya pili akasimama na fimbo yake kwapani.

"Kwa hiyo mzee wako anahamia wapi?"

Nikamuuliza mzee gani.

Akanitazama, akaona kuwa sifanyi mzaha, akaondoka.

Nilikaa kwenye ukingo wa shimo. Jembe lilikuwa bado mkononi.

Siku ileile nilikwenda kwa Bwana Nyundo. Alikuwa barazani anasafisha miwani yake. Nilikuwa nimepanga maneno mengi njiani, maneno mazuri, nikitaja goti na reli na miaka. Nilipofika mbele yake nikabaki na swali moja tu.

"Bwana, mlango ukipata umeme, mzee wa mlangoni atafanya kazi gani?"

"Mlango utajifungua," akasema kwa furaha, kama nimemuuliza juu ya mota. "Hauhitaji mzee. Mzee atapumzika."

Nilitaka kuuliza atapumzikia wapi. Neno lilikuwa kinywani kabisa. Nikasema, "Ndiyo, Bwana."

Nimelirudia jibu hilo moyoni wiki tatu sasa. Ndiyo, Bwana. Nalisema vizuri. Nimelisema tangu shuleni.

Jioni ile nikaenda chumbani kwa Mjomba. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anajipaka mafuta viganjani, kama afanyavyo kila jioni akishaufunga mlango, na Bi Mwanaidi anachambua mchicha. Nikamwamkia shikamoo, nikabaki nimesimama.

"Marahaba, mjomba," akaniitikia. Sisi tunaitana hivyo wote wawili. "Kaa. Najua ulichokuja kusema. Nimekuona unachimba."

"Sikufikiria, Mjomba. Wallahi sikufikiria."

"Ungefikiria, ungekataa?"

 Hakungoja nijibu.

"Ukikataa wataleta fundi mwingine kutoka Dar es Salaam," akasema. "Atavuta waya uleule. Na wewe utakwenda wapi? Nguzo yako ya kwanza imeinama upande wa kijito. Kesho iondoe uishindilie upya."

Bi Mwanaidi aliinuka na ungo wake akaenda kukaa nje. Nilimwamkia wakati natoka. Hakuitikia. Mwanamke huyu alinifunga mgongoni nikiwa na homa, kutoka Kinole hadi Mkuyuni, kunitafutia dawa. Mimi humwita mama. Tangu jioni ile, wiki tatu, hakunisemesha neno.

Mjomba ndiye aliyenisemesha. Mjomba ndiye aliyenisaidia! Kila akimaliza kufungua na kufunga mlango alikuja akifagia njia kwa mguu wake, akashindilia udongo kwenye mashimo yangu, akashika bunda la waya likizunguka. Akaniuliza huo moto unapitaje ndani ya waya nao haukutobolewa. Nikamweleza nilivyoweza. Akasikiliza kichwa upande, kisha akawa anawaeleza wapita njia, akinionyesha kwa kidole: yule ni mwanangu, mimi ndiye niliyempeleka shule.

Nilikuwa naona afadhali anitukane.

Nilijaribu mambo mengine. Niyaandike, ingawa hayakufika popote. Nilimwambia Hamza amtafutie Mjomba kazi ya kufunga mabunda ya mkonge. Akasema mabundani watu husimama kutwa, na mtu wa goti moja hatasimama. Nilisema basi akae chumbani kwangu. Akasema kambi ya wafanyakazi ni ya wenye vipande, na yeye Hamza ndiye atakayeulizwa. Hakusema kwa ubaya. Alikuna kidevu, akatazama pembeni. Nilianza kugundua kwamba hakuna mtu hata mmoja katika jambo hili ambaye ningeweza kumkamata shati nikasema ni wewe.

Labda ndiyo maana jana nilifanya nilichofanya.

Jana alasiri nilikuwa juu ya nguzo ya saba, ya mwisho, iliyo ubavuni mwa banda. Ilibaki kuunga waya wa nguzo na waya unaoingia kwa mota. Kiungo kama hicho kinasokotwa kwa koleo mpaka kikaze, kisha kinafungwa kitambaa na kupakwa lami. Mimi nilikisokota mara mbili tu, legelege, nikakificha kwa kitambaa. Mvua mbili tatu zingetosha. Mlango ungesimama nusu mbele ya wageni, Bwana angesema umeme wa huku milimani haufai, na mkono wa chuma ungerudishwa ukutani.

Nilishuka. Mjomba alikuwa ameishika ngazi chini. Alinyanyua uso akatazama juu muda mrefu.

"Kile hakikukaza," akasema.

"Nimechoka, Mjomba. Nitakirudia kesho."

"Umesokota mara mbili. Vingine vyote umesokota mara nane. Nimekuwa nikihesabu."

 Akasogea karibu ili Hamza, aliyekuwa kwenye kivuli cha banda, asisikie.

"Bwana atapanda mwenyewe kukitazama. Akiona ni makusudi utalazwa chini upigwe viboko hamsa ishirini mbele ya watu, na jioni mlango utafunguka vilevile. Hicho ndicho unachotaka mimi nikione kabla sijaondoka hapa?"

"Nilitaka ubaki."

"Najua." Akaigonga ngazi kwa kiganja. "Panda."

Nikapanda. Machozi yalinifanya nisione koleo. Nilisokota mara nane, nikihesabu, na yeye chini anahesabu pamoja nami kwa Kiluguru kama alivyokuwa akihesabu mlangoni.

Leo saa nne, jua lilipotoka, Bwana Nyundo alikuja na wageni walewale wa bomani. Wafanyakazi waliitwa wapange mstari. Kabla ya kubonyeza kitufe akamwambia Mjomba auondoe mkono wa chuma kwenye gurudumu, usije ukazunguka na kumpiga mtu.

Parafujo ilikuwa imekaza. Mjomba aliinama, akaishika, ikakataa. Akapiga goti lake zima chini, lile bovu akalinyoosha pembeni kama gogo, akajaribu tena. Wageni wakaanza kuzungumza mambo yao. Mmoja akatoa saa akaitazama. Nikapiga hatua nikamsaidie, na Mjomba, bila kugeuka, akanyoosha kiganja nyuma yake: subiri. Alikuwa anataka kuitoa mwenyewe. Ikatoka. Akasimama kwa kujishika ukutani, akaupakata ule mkono wa chuma kifuani, hakujua auweke wapi. Hamza akaja akaupokea.

Bwana akabonyeza.

Mota ikalia, mnyororo ukakaza, na mlango ukapanda. Taratibu, laini, bila kutikisika, hadi juu kabisa. Nikamsikia Mjomba karibu nami anahesabu chinichini. Alikuwa amefika kumi na tisa mlango ukiwa umeshafika. Akaishia hapo, midomo wazi kidogo.

Wageni walipiga makofi. Wafanyakazi nao, wakaamriwa, wakapiga. Bwana Nyundo akaushusha, akaupandisha, akaushusha, akaupandisha. Mara tano. Kisha akanipiga begani na kuwaambia wageni kwa Kijerumani maneno ambayo nayajua: mweusi wangu huyu amefanya peke yake.

Nami, Mungu anisamehe, kwa muda wa pumzi moja nilijisikia vizuri.

Wageni walipokwenda kunywa, Bwana alimwita Mjomba. Akatia alama ya leo kwenye kipande chake, kisha akapiga mstari chini yake kwa kalamu nyekundu na kutia sahihi. Akampa blanketi. Blanketi zuri, la sufu, si la kijeshi. Akasema chumba kitawekwa mapipa ya petroli, kwa hiyo kiwe wazi kabla ya adhuhuri.

Hapo ndipo nilipopata sauti. Ilikuwa imechelewa, lakini niliipata.

"Bwana, samahani. Mnyororo unahitaji mafuta kila siku. Reli nazo zinahitaji kufutwa vumbi. Huyu mzee anaujua mlango huu kuliko mtu yeyote. Apewe kazi hiyo tu."

Alifikiri. Nakiri kwamba alifikiri kweli. Alikunja paji la uso, akaugonga mlango kwa kifundo cha kidole akausikiliza.

"Umesema kweli," akasema. "Utaupaka mafuta wewe. Kila asubuhi, kabla ya kazi nyingine."

Akaenda kwa wageni wake.

Mjomba alinishika mkono. "Basi," akasema. "Umesema. Nimesikia ukisema. Basi."

Vitu vyao havikujaza hata mizigo miwili. Sufuria, mkeka, jembe, ungo, nguo, lile blanketi. Bi Mwanaidi aliung'oa mchicha wote, hata ule mdogo, akaufunga kwenye kanga. Hamza aliniambia nina ruhusa ya kuwasindikiza hadi kengele ya saa nane. Nadhani alinionea huruma, maana hakuwa na haja ya kunipa.

Tulikwenda polepole. Nia ilikuwa kuifuata barabara ya Mkuyuni kisha wapande Kinole. Mjomba alisema huenda nyumba yao ya zamani bado ina kuta. Akasema atapanda ndizi, ndizi hazitaki goti. Akanitania kwamba sasa mimi ndiye niliyerithi mlango. Nilijaribu kucheka.

Nilikuwa najua, naye alikuwa anajua, kwamba barabara ndiyo ya hatari. Tulipanga tuiache mapema tushike njia ya mashambani. Lakini mvua ya asubuhi ilikuwa imekifurisha kijito cha kwanza, na mtu wa mguu mmoja hawezi kuvuka maji yanayofika kiunoni. Ikabidi tufuate barabara hadi darajani.

Askari wawili wa akida walikuwa wamekaa darajani, na watu wanne wamechuchumaa karibu nao.

"Vipande," akasema mmoja wao.

Nikatoa changu. Akakitazama, akanirudishia. Akachukua cha Mjomba, akakigeuza, akaona mstari mwekundu.

"Hiki kimekufa."

"Kimekufa leo," nikasema. "Saa mbili hazijapita. Anakwenda kwao Kinole. Ni mlemavu, tazama mguu."

Askari akautazama mguu. Akamwambia Mjomba atembee kidogo. Mjomba akatembea, akifagia, hadi kwenye nguzo ya daraja na kurudi.

"Kuvunja kokoto ni kazi ya kukaa," askari akasema. "Hata mguu hautahitajika."

Mwenzake akacheka. Yule aliyesema hakucheka. Alikuwa ameona kuwa ametatua jambo.

Nilisema mengi. Nilisema mimi ni fundi wa Bwana fulani, na Bwana huyo anajulikana bomani. Nilisema nitarudi na barua. Akaniuliza barua iko wapi sasa. Nilisema nichukueni mimi badala yake, mimi nina miguu miwili.

"Wewe una kipande," akasema. "Wewe ni wa mtu."

Mjomba akampa mkewe blanketi. Akaniambia, "Usigombane nao." Kisha akaenda akakaa na wale wanne. Hakuchuchumaa kwa sababu hawezi. Alikaa chini kabisa, mguu mbele. Mtu aliyekuwa pembeni yake akasogea kumpa nafasi, wakaanza kuamkiana, kwenu wapi, kwetu Kinole, nami nina shemeji Kinole. Kama watu waliokutana sokoni.

Sikujua nifanye nini na mikono yangu.

Wanawake wa Kinole walikuwa wanapita na vikapu vitupu kutoka sokoni. Wakamchukua Bi Mwanaidi katikati yao, mmoja akaupokea mzigo wangu akauweka kichwani juu ya kikapu chake. Nikasema nitampeleka mama hadi nyumbani. Bi Mwanaidi akageuka. Baada ya wiki tatu akanisemesha.

"Ule mlango ulikwama leo? Hata mara moja?"

"Hapana, mama."

"Mara ngapi aliufungua?"

"Mara tano."

Akatikisa kichwa polepole, kama mtu anayeonja mchuzi wa mtu mwingine.

"Basi umeifanya vizuri kazi yako," akasema. "Rudi. Kengele itapigwa."

Nikarudi. Nilikimbia hata, kwa sababu ilikuwa inakaribia saa nane. Nilipofika nilikuta chumba kimeshafagiliwa na mapipa manne yameingizwa. Nyuma, pale penye mchicha, kulikuwa na vishimo vidogo vidogo mstari kwa mstari, na vyote vimejaa maji ya mvua.

Alasiri nilikwenda barazani. Nilimweleza Bwana Nyundo kila kitu: daraja, askari, kokoto. Alisikitika. Aliiweka kahawa yake chini. Akasema mambo ya akida ni mambo ya boma, naye hawezi kuingilia kazi za serikali kila mtu anapokamatwa, lakini Jumatatu akienda mjini, kama atamkuta mtu fulani, atauliza. Kisha akasema motakaa inahitajika kesho saa kumi na mbili asubuhi.

"Ndiyo, Bwana," nikasema.

Tena.

Nimesikia kwamba kokoto zinavunjwa kabla ya kufika Mkuyuni, kando ya barabara, na kwamba chakula chao ni uji mara moja. Si mbali. Nikitoka kesho baada ya swala ya Ijumaa naweza kufika na kurudi kabla ya jua kuzama, na ugali huu nisioweza kuula unaweza kufungwa kwenye jani la mgomba. Itabidi niombe ruhusa kwa Hamza. Hamza amekwishanipa ruhusa leo, na nilimwona jioni akinikwepa.

Akinikatalia, nitakwenda?

Nimekaa na swali hili tangu alasiri, kalamu mkononi. Ningetaka kuandika ndiyo. Ni neno fupi, nalijua vizuri, nalisema kila siku.

Jua limeshazama. Bado sijaliandika.